Niliiokota leso, kisha nikasema sijui

Bibi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 34, mkazi wa Tanga, nimeolewa miaka tisa na nina watoto wawili. Nimeisoma safu yako kwa muda mrefu nikijiambia kwamba siku nikipatwa na jambo nitakuandikia, lakini sikudhani kuwa jambo lenyewe litaniingilia kwa mlango wa mchezo wa kuigiza.

Tangu Machi nimo katika kikundi cha maigizo kinachokutana jioni za Jumanne na Alhamisi. Tunafanya mazoezi ya Othello, tanzia ya Shakespeare, kwa tafsiri aliyoiandaa mwongozaji wetu mwenyewe, na mimi nimepewa nafasi ya Emilia. Kwa wasomaji ambao hawajauona mchezo huu, nieleze kwa ufupi. Othello ni jemadari mweusi anayeitumikia dola ya Venice, na amemwoa Desdemona, binti wa mheshimiwa mmoja, bila ridhaa ya baba yake. Mshika bendera wake, Iago, ana kinyongo kwa sababu cheo cha luteni alichokitamani amepewa Cassio, basi anaanza kumtia jemadari wake maneno kwamba Desdemona na Cassio ni wapenzi. Emilia ni mke wa Iago na mtumishi wa karibu wa Desdemona. Siku moja Desdemona anaangusha leso aliyopewa na mumewe, Emilia anaiokota na kumpa Iago, ambaye amekuwa akimwomba aiibe, naye Iago anaitupa chumbani mwa Cassio ili iwe ushahidi. Mwisho wake unaujua: Othello anamuua mkewe kwa wivu.

Sasa naja kwenye langu. Mume wangu ana miaka kumi na mmoja katika kampuni ya uwakala wa forodha. Mwaka jana nafasi ya msimamizi wa tawi ilipotangazwa, sote nyumbani, hata mama mkwe, tulikuwa tumekwisha kumhesabia cheo hicho. Mwenye kampuni akampa kijana wa miaka 29 aliyetoka nje, mwenye shahada, ambaye mume wangu anasema hajapata kusimama juani bandarini akingoja kontena. Mke wa mwenye kampuni ni rafiki yangu mkubwa. Namwita dada kwa kuwa amenizidi miaka sita, na ndiye aliyekesha nami hospitalini nilipojifungua mtoto wa pili.

Miezi miwili iliyopita tulikuwa sote kwenye harusi ya binamu yake. Nilipiga picha nyingi kwa simu yangu, na moja ilitoka vizuri kuliko zote: dada anacheka mpaka kichwa kimelala upande, kijana yule amesimama karibu naye, mchumba wa kijana yuko upande wa pili ameshika bilauri, na mbele yao, kitini, ameketi mama mkwe wa dada. Mume wangu alipoiona aliniomba nimtumie. Nilimuuliza ya nini, akasema imempendeza tu. Aliniomba tena kesho yake, na tena baada ya siku mbili, na kwa kuwa wiki ile hatukuwa tukisemezana vizuri kwa sababu ya ada ya shule, nikamtumia ili nyumba ipate utulivu.

Wiki tatu baadaye dada alikuja kwangu macho yamevimba. Aliniambia kuwa mumewe amegeuka: amehama chumba, anaichukua simu yake usiku na kuipekua, anauliza maswali yasiyoisha kuhusu harusi ile. Hajampiga, lakini sauti yake imeanza kuwatisha watoto. Kisha akanionyesha picha aliyoikuta katika simu ya mumewe na kujitumia kwa siri. Ni picha yangu, ila imekatwa. Mchumba hayupo, mama mkwe hayupo, wamebaki dada na kijana peke yao kama watu waliojibanza kona. Akaniuliza, "Mdogo wangu, unamjua aliyeipiga?" Simu zilikuwa nyingi siku ile. Nikamjibu, "Sijui, dada."

Alhamisi iliyofuata tulikuwa tunafanya onyesho la nne la sehemu ya tatu. Desdemona anamuuliza Emilia leso ile ameipotezea wapi, na Emilia anajibu, "Sijui, bibi." Neno halikutoka. Mwongozaji alidhani nimesahau, akaninong'oneza mara mbili, nami nikasingizia kichwa kinauma na kuondoka.

Tangu hapo namtazama mume wangu anapokula na ninamwona Iago. Sijamuuliza kitu. Je, nimwambie dada? Nikimwambia, nimtaje mume wangu, baba wa watoto wangu, ambaye kazi yake iko mikononi mwa mume wa dada? Nimwendee yule bwana mwenyewe nimwapie kwamba mkewe ni msafi? Au ninyamaze, jambo lipoe? Na kuhusu mchezo, nimefikiria kumrudishia mwongozaji nafasi yake, ingawa kwa kweli amekwisha kuipunguza, kwani ameifuta hotuba ya Emilia juu ya waume na wake akisema mchezo ni mrefu.

Aliyeokota,
Tanga

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Umeusoma mchezo huu vizuri kuliko wengi wanaoufundisha, na kwa sababu hiyo nitakujibu kwa kuupitia, ingawa mahali pamoja nitakuomba uuweke chini kabisa. Jambo moja dogo kwanza: wasomaji wangu wa Mombasa wanaposikia leso wanafikiria jozi ya kanga yenye jina, basi waelewe kuwa hapa tunazungumzia kitambaa cha mkononi, cheupe labda, kilichotariziwa matunda ya stroberi. Ni kitu kidogo kiasi kwamba mwaka 1693 mhakiki mmoja wa Kiingereza, Thomas Rymer, aliukejeli mchezo wote akiuliza kwa nini usiitwe Tanzia ya Leso, na akasema funzo lake ni kwamba wake waangalie vitambaa vyao. Alikuwa msomi, lakini nadhani hakuwahi kuishi katika nyumba yenye fitina. Fitina haihitaji mzigo mkubwa. Picha iliyokatwa inatosha.

Nianze na kile ulichokosea, kwa kuwa hukuniomba nikufunike. Ulipoituma picha hukufanya kosa kubwa. Mke kumtumia mumewe picha ya harusi ni jambo la kila siku, ijapokuwa ile kuombwa mara ya tatu ingepaswa kukuzindua. Emilia naye alizinduka. Rudi kwenye onyesho lenyewe: akiisha kuiokota leso anasema mwenyewe kwamba mume wake amemsihi mara mia aiibe, na kwamba yeye hajui Iago anaitakia nini, anajua tu kuwa inamfurahisha. Iago anapoipokonya, Emilia anamwomba amrudishie kama hana haja nayo kubwa, kwa sababu bibi yake atachanganyikiwa akiikosa. Kwa hiyo alijua thamani yake, na aliitoa. Huo ni udhaifu wa kawaida wa watu wanaotafuta amani ndani ya nyumba, na sina moyo wa kukutwanga kwa ajili yake.

Kosa ni "sijui". Mwongozaji wako akikuruhusu, tazama ni nani walio jukwaani dakika chache baada ya neno lile. Othello anaingia na kuidai leso kwa ukali unaopanda kila Desdemona anapojaribu kubadili mazungumzo, na muda wote huo Emilia amesimama pale pale, anasikia, anaelewa kwamba kitu kinachotafutwa kiko kwa mume wake, na hasemi lolote. Othello akiisha kutoka kwa hasira, Emilia anauliza kama mwanamume huyu si mwenye wivu! Kisha anatoa maneno ya jumla kuhusu wanaume, kwamba ni matumbo na sisi ni chakula, wakishiba wanatutapika. Maneno ni makali na ya kweli, na hayamsaidii Desdemona hata chembe. Mimi huliogopa onyesho hilo kuliko lile la mauaji, kwa sababu katika lile la mauaji mtu amekwisha kupotewa na akili, lakini hapa kuna mtu mwenye akili timamu, mwenye upendo, ambaye angeweza kuuzima moto kwa sentensi moja, naye anachagua kutoa maoni.

Wewe ulipomwambia dada "sijui" ulikuwa mahali hapo hapo. Bado uko hapo. Hii ndiyo tofauti yako na Emilia ambayo nataka uishike, kwani yeye hakuwa na muda: ukihesabu matukio yanavyofuatana jukwaani, tangu wanaposhuka kisiwani Kupro, ambako mchezo unahamia, hadi Desdemona anapouawa ni kama siku moja na nusu. Wewe umepewa wiki.

Sasa, mahali pa kuuweka mchezo chini. Unasema unamtazama mume wako akila na unamwona Iago. Acha. Sisi watazamaji tunamjua Iago kwa sababu anasimama peke yake na kutueleza. Kabla sehemu ya kwanza haijaisha amekwisha kutuambia kuwa anamchukia jemadari na namna atakavyomtumia Cassio. Mume wako hajakuhutubia peke yake jukwaani. Unachokijua kuhusu yeye ni kwamba aliumia kwa kunyimwa cheo, kwamba aliomba picha mara tatu, na kwamba picha hiyo imeonekana imekatwa katika simu ya mwajiri wake. Mambo hayo matatu yakipangwa pamoja yananuka, sikatai, na mimi ningekuwa wewe ningeshuku. Lakini hujui kama aliikata yeye, hujui kama aliituma yeye au aliipitisha kwa mwenzake wa ofisini kwa mzaha na mwenzake akaifanyia lake, hujui alikusudia nini. Ukitoka na kutangaza kuwa mume wako ni mzushi kwa sababu anafanana na mtu uliyekariri maneno ya mkewe, utakuwa umefanya kile kile alichofanya Othello, yaani kuchukua kitambaa na kukifanya kuwa habari nzima. Othello alidai ushahidi wa macho. Akapewa simulizi ya ndoto ambayo Cassio eti aliiota kwa sauti, na leso, naye akaridhika. Hakumwita Cassio akamuuliza.

Wala usikeshe ukitafuta kwa nini. Iago mwenyewe anataja sababu nyingi mno: mara ni cheo, mara ni uvumi kwamba Othello alilala na Emilia, mara anamshuku Cassio kwa jambo hilo hilo, mara anasema yeye naye anampenda Desdemona. Hakai na sababu yoyote mpaka mwisho. Wanapomkamata na kumtaka aeleze, anajibu kwamba wasimuulize kitu, wanachokijua wanakijua, na hatatamka neno tena. Tunaondoka ukumbini bila jibu. Huenda na wewe usilipate, na hilo lisikuzuie kufanya linalokuhusu.

Uliuliza kama umwendee yule bwana umwapie kwamba mkewe ni msafi. Usifanye hivyo, angalau isiwe hatua ya kwanza. Emilia aliwahi. Katika onyesho la pili la sehemu ya nne Othello anamhoji yeye peke yake, naye anaapa, anaweka nafsi yake rehani, anasema kama huyu si mwaminifu basi hakuna mwanamume mwenye bahati duniani. Ni utetezi mzuri kabisa. Othello anamsikiliza, anamtuma amwite Desdemona, na mlango ukiisha kufungwa anasema kuwa hata kuwadi yeyote angeweza kusema hayo. Mtu aliyekwisha kuingiwa na wivu hupokea sifa za mkewe kama sehemu ya njama. Ukienda mikono mitupu ukasema, "Shemeji, dada ni mtu mwema," atajiuliza nani amekutuma.

Baadaye kidogo, mbele ya Iago mwenyewe, Emilia anafika karibu sana na ukweli. Anasema lazima kuna mhalifu, mjanja mwenye kujipenyeza, aliyeuzua uongo huu ili apate cheo. Amekisia sababu, amekisia tabia, na mtu huyo amesimama hatua mbili kutoka kwake na ni mume wake! Watazamaji hucheka hapo, kicheko cha woga. Kukisia kwake hakukuokoa mtu kwa sababu hakukuwa na leso ndani yake.

Tazama basi kilichofanya kazi mwishoni. Desdemona amekufa. Othello anamwambia Emilia kwamba mume wake ndiye aliyemfichulia yote, naye anarudia "mume wangu?" tena na tena kama mtu anayejifunza neno geni. Watu wanaingia. Emilia anamwita Iago mwongo mbele yao, anapaza sauti, na bado Othello hatikisiki. Anawaambia waliokuwapo wasishangae, mambo ni kweli. Ndipo Othello anapoitaja leso. Emilia anasema, kwa maneno machache sana, kwamba leso hiyo aliiokota yeye kwa bahati na kumpa mume wake, kwa kuwa alikuwa amemsihi sana aiibe. Basi. Hapo ndipo jengo lote linaanguka, na Othello anamrukia Iago. Angalia sentensi ile imejengwa na nini: mimi, niliokota, nikampa. Shutuma zote alizozitoa kabla yake zilimhusu Iago na zilipita kama upepo, ila ile iliyohusu mkono wake mwenyewe haikuweza kupingwa na mtu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwambia kuwa hakufanya alichofanya.

Na wewe utasema hivyo hivyo, tena kabla ya maiti. Mwambie dada: "Ile picha niliipiga mimi. Mume wangu aliniomba, nikamtumia. Sijui ilipotoka hapo ilipita wapi. Uliponiuliza nilikudanganya kwa sababu niliogopa." Jina la mume wako litakuwamo kwa sababu ni sehemu ya ulichokifanya, na huwezi kulitoa bila kurudi kwenye "sijui". Ila usiongeze cheo, wala kinyongo, wala Iago. Dada ana akili zake, ataunganisha mwenyewe anachotaka kuunganisha.

Kisha mpe picha nzima. Hapa una kitu ambacho Emilia hakuwa nacho, kwani picha yako bado iko katika simu, pamoja na mchumba na bilauri yake na mama mkwe kitini. (Nimecheka peke yangu, nisamehe. Kati ya watu wote waliokuwa harusini, aliyekata picha alimkata mama mkwe.) Picha hiyo haithibitishi kila kitu kuhusu ndoa ya watu, na usiitumie kama hati ya mahakama. Inaonyesha jambo moja tu, kwamba ile nyingine imekatwa, na kwamba kuna mtu aliyeona haja ya kuikata. Mwenye kampuni ni mfanyabiashara, anapokea nyaraka za mizigo kila siku, atajua maana ya waraka uliopunguzwa. Nani ampelekee ni uamuzi wa dada. Huenda akataka kumpelekea yeye, huenda akamtuma mama mkwe, ambaye kwa hakika ndiye shahidi bora kuliko sisi wote, au akaita wazee wa pande mbili. Usimpangie.

Kuna kitu katika barua yako kilichonitia wasiwasi kuliko fitina yenyewe, nacho ni sauti inayowatisha watoto. Katika sehemu ya nne, mgeni rasmi kutoka Venice, Lodovico, anafika na barua, na Othello anampiga Desdemona mbele yake. Lodovico anashtuka, anasema hakuna mtu Venice atakayeliamini hilo, anamtaka Othello amridhie mkewe. Halafu? Onyesho linalofuatia lile la mahojiano linaanza Lodovico akiaga baada ya chakula cha jioni katika nyumba hiyo hiyo. Watu waliona kofi, wakala, wakaondoka, na usiku huo mwanamke akauawa kitandani mwake. Mwulize dada waziwazi kama anaogopa kulala humo. Akisema ndiyo, suala la picha linasubiri. Aende kwao au aje kwako, na kama kutatokea kutishwa au kupigwa, kituo cha polisi kina dawati la jinsia na watoto kwa ajili ya mambo ya namna hiyo.

Wewe pia uko ndani ya swali hilo. Emilia alilipa. Alipoanza kusema, Iago alimwamuru aende nyumbani, naye akawajibu waliokuwapo kwamba ni haki amtii mumewe, lakini si sasa, na akaongeza kuwa labda hatarudi nyumbani tena. Iago akamchoma kwa upanga. Sisemi mume wako ana tabia hiyo. Hukuandika chochote cha kunifanya nidhani hivyo. Lakini unamjua na mimi simjui, basi amua mwenyewe kama utamwambia ukiwa peke yako au mbele ya mtu anayemheshimu. Kumwambia ni lazima, na ni baada ya kumwambia dada, siku hiyo hiyo, kabla hajasikia kazini. Anza tena na "mimi": nimemwambia dada kuwa picha niliipiga mimi na nilikupa wewe. Kisha nyamaza umsikie. Huenda akakueleza jambo ambalo wewe na mimi hatukulifikiria. Kuhusu kazi yake, ndiyo, iko hatarini, na sitakudanganya kuwa haiko. Ila iko hatarini kwa sababu ya picha iliyokatwa, ambayo siku moja ingefuatiliwa mpaka ilikotoka, na siku hiyo wewe na "sijui" yako mngekuwa upande mbaya wa hadithi.

Kuhusu nafasi yako katika mchezo, usiirudishe. Nikupe jambo la kumpelekea mwongozaji. Shakespeare hakukibuni kisa hiki. Alikitoa katika hadithi ya Mwitalia Giraldi Cinthio iliyochapishwa mwaka 1565, karibu miaka 40 kabla ya mchezo kuonyeshwa mbele ya Mfalme James katika kasri la Whitehall tarehe 1 Novemba 1604. Katika hadithi ya Cinthio mshika bendera anaiiba leso mwenyewe, wakati Disdemona (ndivyo Cinthio anavyomwita) amempakata mtoto mdogo wa mshika bendera huyo. Mkewe anajua njama yote na ananyamaza kwa kumwogopa mumewe, anaishi, na anakuja kuyasimulia yote baada ya mume kufa. Shakespeare alimnyang'anya mume tendo la kuichukua leso akalitia mkononi mwa mke, akamnyima kujua njama, kisha akamfanya aseme papo hapo alipoelewa. Yaani alichukua mwanamke aliyejua na kunyamaza, akamfanya mwanamke asiyejua aliyekuja kusema. Kati ya mabadiliko yote aliyoyafanya katika hadithi ile, mimi nalihesabu hili kuwa kubwa kuliko lolote.

Na hotuba iliyofutwa irudishwe. Si mara ya kwanza kukosekana: chapa ya mwaka 1622 haina hotuba hiyo wala wimbo wa Desdemona wa mti wa mwerebi, na tunavipata katika ile ya mwaka 1623. Ni mistari isiyofika ishirini. Ndipo mahali ambapo Emilia anafikiri kwa sauti kwa kina kabla ya msiba, akisema kwamba wake nao wana macho, pua na ulimi wa kujua tamu na chungu kama waume wao. Bila hiyo, watazamaji watashangaa ujasiri wa sehemu ya tano umetoka wapi. Kama mchezo ni mrefu, akate maneno ya mchekeshaji, hakuna atakayelalamika.

Uliniandikia pia, pembeni ya karatasi, kwamba Jumatano mume wako hushinda Horohoro na kurudi usiku. Nenda kwa dada Jumatano hiyo, mchana, watoto wakiwa shuleni. Usimpigie kwanza kumwambia kuwa una jambo, utamkosesha usingizi bure. Hakikisha simu ina chaji, na picha usiitume, mwonyeshe mkiwa mmekaa, kisha umwache aamue kama anataka uitume na kwa nani. Alhamisi uende mazoezini.